Ile "A" ya Dada Pasi

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni, punguzeni moto kidogo. Kama mko njiani, tembeeni polepole. Leo tunaye mtu wa kumkumbuka, na huyu si wa kukumbukwa mbiombio.

Mtaani kwake walimwita Dada Pasi. Alikuwa dobi. Narudia kwa mliowasha redio sasa hivi: Dada Pasi, dobi, mwimbaji wa kwaya ya mtaa, ametutoka. Ameacha binti mmoja, ambaye naye ni dobi. Ameacha pia mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya hiyo. Huyo mdogo mtu mumshike vizuri, maana habari ya leo ni yake pia. Mtaa mzima humwita Mwalimu, hata wale wasiojua do wala re. Mchana kazi yake ni fundi saa. Anakaa dirishani na kioo chake jichoni, ameinamia vidude vidogo kuliko punje ya mchele, na ukimsalimia anaitikia baada ya muda, kama simu ya mbali.

Kwaya yenyewe ni ndogo. Haina jengo, haina kinanda. Mazoezi hufanyika chumbani kwa dobi, katikati ya mashati yaliyotundikwa. Wenye sauti ya kwanza husimama karibu na dirisha. Wenye sauti nene husimama nyuma, kwenye mashuka, na mara nyingi utawasikia tu, huwaoni. Kazi kubwa ya kwaya hiyo ni misiba. Mtu akifiwa, wanakuja, wanaimba, wanakaa naye. Basi.

Na katika misiba yote hiyo, tangu kwaya ianze, kulikuwa na ugomvi mmoja usioisha. Ugomvi wa neno moja. Mwalimu anasema hivi, dada yake anasema vile. Nitawaeleza.

Mama yao alipofariki, Mwalimu alikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinajaribu kutoka. Dada Pasi alikuwa mtu mzima, tayari ana meza yake ya kupigia pasi. Kijana alikaa pembeni akatunga wimbo. Alikuwa hajawahi kutunga kitu. Mistari minne tu:

Nenda taratibu, mama,
mlango hatufungi,
kiti hatuondoi,
tutakukumbuka.

Akauandika kwa mkono. Na mwandiko wa Mwalimu, wasikilizaji wapendwa, tumeuona. Kuku akipita kwenye majivu anaandika vizuri zaidi. Dada Pasi hakuwa amefanya mazoezi, kwa sababu siku nzima alikuwa akipiga pasi nguo za wafiwa. Akakabidhiwa karatasi pale pale uani, jeneza liko mbele yake, machozi yamejaa machoni. Wakaimba. Wakafika mstari wa mwisho. Wote wakaimba "tutakukumbuka." Dada Pasi, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, akaimba "tutakukumbatia."

Sasa hesabuni nami hapo mlipo. Tu-ta-ku-ku-mbu-ka. Tu-ta-ku-ku-mba-ti-a. Mnaona? Limezidi. Wenzake wamemaliza, wamefunga midomo, yeye bado yuko hewani peke yake na "a" yake. Na hakuwa mtu wa kuikata. Aliivuta mpaka alipoona imetosha, ndipo akanyamaza.

Mwalimu alimaliza msiba wa mama yake akiwa na huzuni na hasira pamoja.

"Dada, ni tutakukumbuka," alimwambia jioni ile.

"Wewe ndiye uliyeandika tutakukumbatia."

"Sikuandika hivyo!"

"Basi jifunze kuandika, mdogo wangu. Mimi nimesoma nilichokiona."

Mnaona lilipoanzia. Tangu siku hiyo wimbo ule ukawa wimbo wa mtaa. Akifa baba wa mtu, wanaimba "nenda taratibu, baba." Akifa dada wa mtu, "nenda taratibu, dada." Mistari mitatu ya kwanza kwaya inakwenda vizuri kabisa, kama nguo moja. Wa nne, Dada Pasi anachomoka. Mwalimu, mtu wa saa, mtu ambaye sekunde ikichelewa anaisikia tumboni, alikuwa na ombi moja tu duniani: wimbo wake uishe watu wote pamoja, halafu kiwepo kimya kizuri. Hakukipata hata siku moja.

Alijaribu kila njia. Alimhamishia nyuma, kwenye mashuka. Sauti ikapenya mashuka. Akaenda kwa mpiga chapa, akachapiwa maneno kwa herufi kubwa kama za bango la duka, akayabandika ukutani juu ya meza ya pasi.

"Dada, soma karatasi. Karatasi haikosei."

"Nimeiona, nzuri sana," Dada Pasi akasema, huku anapuliza mkaa. "Haya, tuimbe."

Wakaimba. Mnajua alichoimba.

Wasikilizaji wapendwa, tulikwenda kumtembelea binti yake pale pale chumbani. Meza ipo. Blanketi kuukuu lililotandikwa juu yake lipo, limeungua alama za pasi pembeni. Karatasi ya mpiga chapa nayo ipo ukutani, imegeuka rangi ya chai. Nilimuuliza binti kama mama yake alikuwa mkaidi tu.

"Mkaidi alikuwa," alisema, akacheka. "Hilo msimsingizie mtu mwingine. Lakini niliwahi kumuuliza. Akaniambia, siku ile ya bibi macho yalikuwa yamejaa maji, herufi zinaogelea. Akaona kukumbatia. Baadaye akajua kwamba alikosea. 'Lakini nilikuwa nimeshalitaka hilo,' ndivyo alivyosema."

Na ile "a" ndefu, je?

Binti alichukua pasi, akatandaza shati la mteja, akanyunyiza maji kwa vidole. Akaisukuma pasi kutoka begani, ikashuka na mkono wa shati, taratibu, mpaka kwenye kifungo cha mwisho. Ndipo akapumua. "Mama alikuwa akiimba huku anafanya hivi," alisema. "Wimbo mzima ulikuwa wa kupigia pasi. Sauti haikatiki mpaka nguo iishe. Ukiinua pasi katikati, unaacha mkunjo."

Sasa niwaambie kitu ambacho Dada Pasi alikuwa akifanya kila msiba, baada ya wimbo. Kwaya ikimaliza, wenzake wanabaki kwenye mstari, wamesimama kwa adabu. Yeye anatoka. Anamwendea mfiwa moja kwa moja, anamkumbatia. Hasemi pole. Hasemi jikaze. Anamshika tu, kwa ile mikono yake ya kunyanyua chuma kizito kila siku, na ukishikwa hapo umeshikwa.

Muuza nyama wa mtaa ule, yule anayeimba sauti nene kuliko wote, aliingia kwaya kwa sababu hiyo. Alifiwa na mkewe. "Watu walinieleza maneno mengi sana siku ile," alituambia. "Nilikuwa naitikia, naam, naam. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nilikaa pale begani kwa Dada mpaka nguo yake ikalowa, na yeye wala hakujitikisa. Wiki iliyofuata nikaenda kumuuliza mazoezi ni siku gani."

Mwalimu alikuwa akiliona jambo hilo kila mara. Lakini kwake lilikuwa jambo la dada yake na tabia zake za kupenda watu. Neno lilibaki neno. Karatasi ilibaki karatasi.

Halafu Dada Pasi akaanza kusahau.

Ilianza kidogokidogo. Shati la huyu akampa yule. Akaacha pasi juu ya meza, akaenda dukani, akarudi moshi umejaa chumba. Binti akamnyang'anya pasi kwa upole, naye akakasirika siku nzima, kisha akasahau kwamba amekasirika. Likaja la majina. Siku moja Mwalimu aliingia pale chumbani kama kawaida yake, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, dada."

Dada Pasi akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Wewe ndiye fundi bomba?"

Mwalimu akadhani ni utani. Huyu ni mwanamke aliyemlea. Ndiye aliyemnunulia kioo chake cha kwanza cha kutengenezea saa. Walikuwa wakitaniana maisha yao yote. Akacheka. Dada yake hakucheka.

"Bomba lile pale linavuja," akasema. "Tumekusubiri sana."

Mwalimu alitoka nje. Binti anasema alimkuta mjomba wake ameegemea ukuta, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mjomba, usichukulie moyoni. Leo asubuhi mimi ameniita nesi."

"Sijachukulia moyoni," Mwalimu akasema. Alikuwa amechukulia moyoni, tena sana.

Lakini kesho yake alirudi. Alikuja na spana. Sikilizeni hapo, fundi saa, mtu wa vikoleo vyembamba kama sindano, amekuja na spana ya kuazima. Akapiga magoti kwenye bomba la uani, akalowa mpaka kiunoni, akalifunga bomba likavuja zaidi, akalifungua, akalifunga tena. Likanyamaza. Dada Pasi alikuwa amekaa kwenye kiti chake anamsimamia.

"Fundi huyu ni mzuri," akamwambia binti yake. "Ila ni mpole mno. Watamdhulumu huyu."

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri Mwalimu alifunga dirisha lake la saa, akaenda kuwa fundi bomba. Hakubisha. Aliulizwa mabomba ya mtaa wa pili yakoje, akajibu. Na baada ya hapo walikuwa wakiimba. Wimbo Dada Pasi alikuwa nao, ingawa nao ulianza kutatuka. Ukapotea mstari wa kwanza. Ukapotea wa pili. Wa kiti ukabaki nusu. Mwisho likabaki neno moja, na wote mnalijua.

Alasiri moja wameimba hivyo, Mwalimu anabeba mistari mitatu peke yake, dada yake anasubiri kama mtu anayesubiri zamu yake mlangoni. Wakafika. Dada Pasi akaimba "tutakukumbatia," na "a" yake akaivuta mpaka mwisho, mkono wake ukiteleza juu ya paja kama umeshika pasi.

Mwalimu ni Mwalimu. Mazoea yakamshika. "Tutakukumbuka, dada," akasema.

Dada Pasi akamtazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto wa watu aliyepotea sokoni.

"Nitakukumbuka vipi, baba, na jina lako silijui?" akasema. "Wewe njoo hapa."

Akamfungulia mikono. Mwalimu akaenda. Akapiga magoti pale kwenye kiti, kichwa begani kwa dada yake, naye akamshika kwa mikono ile ile. Binti alikuwa mezani na shati la mtu. Anasema aliinua pasi katikati ya mgongo wa shati, akaacha mkunjo, na hakujali.

Kuna siku, kabla ya maradhi hayo, Dada Pasi alimwambia mdogo wake, "Siku yangu ikifika, uongoze wewe. Na usilie katikati, utawapotezea watu mapigo." Mwalimu akaahidi, vile watu wanavyoahidi mambo wanayoona yako mbali. Siku ikafika. Alifariki asubuhi, kwenye kiti chake, binti akimchania nywele.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Dada Pasi, dobi, mwimbaji wa kwaya ya mtaa. Alifariki asubuhi akichaniwa nywele, na alizikwa alasiri ya siku iliyofuata.

Mwalimu hakulala. Alituambia mwenyewe kilichokuwa kikimtisha. "Kuinua mkono nilijua nitaweza," alisema. "Mkono unainuka wenyewe. Nilichokuwa nakiogopa ni kuushusha. Kiongozi akishusha mkono, wimbo umekwisha. Nikajiuliza, nitaushusha vipi huo?"

Uani palijaa. Muuza nyama amefunga duka. Wanakwaya wamevaa majoho yao, na majoho yamenyooka kama karatasi mpya, kwa sababu binti alipiga pasi tangu alfajiri. Alikataa kusaidiwa. Sasa amekaa benchi la mbele, karibu na jeneza, mikono imelala magotini. Yeye hakuwa mwanakwaya. Hajawahi kuimba mbele ya watu. Mwenyewe husema sauti yake ni ya kufukuzia kuku.

Mwalimu akainua mkono. Wakaanza. "Nenda taratibu, dada." Mlango hatufungi. Kiti hatuondoi. Kwaya nzima ilikuwa inamheshimu Mwalimu wao siku ile. Walijua alivyoteseka na neno lile. Kila mmoja, bila kuambizana, akaamua kumpa zawadi. Wakaimba "tutakukumbuka," safi, kama lilivyo kwenye karatasi. Wakafunga midomo pamoja. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua.

Kikaja kimya.

Mwalimu alikuwa amekisubiri kimya kile tangu ujana wake. Sasa amepewa. Kikamuuma vibaya sana. Alisimama pale, mkono uko juu, anasikiliza mahali ambapo "a" ilikuwa ikikaa.

"Tena," akasema.

Watu wakatazamana. Tena? Msibani? Hilo ni neno la mazoezi, la chumbani kwa dobi. Lakini Mwalimu akisema tena, ni tena. Wakaimba tena, kwa uangalifu zaidi. Wakamaliza pamoja, vizuri kuliko mwanzo.

"Tena."

Muuza nyama akadhani yeye ndiye aliyekosea, akajikaza jasho linamtoka. Nyuma, mtu mmoja akanong'ona, "Huyu mzee vipi?" Jirani yake akamwambia, "Mwache." Wakaimba. Wakamaliza pamoja. Mkono wa Mwalimu ukabaki juu, machozi yanashuka, na ahadi ya kutolia imeshakwenda na maji. Alikuwa hawezi kuwaambia anataka nini. Angewaambia nini? Wakosee?

"Tena," akasema, kwa sauti ndogo.

Wakaimba mara nyingine. Mlango hatufungi. Kiti hatuondoi. Wakafika mwisho wakanyamaza, na hapo hapo, kutoka benchi la mbele, ikatoka sauti.

Alikuwa binti. Hakusimama. Hata kichwa hakuinua. Mkono wake wa kulia ulikuwa unateleza juu ya paja, polepole, kutoka kiunoni kwenda mbele, na sauti inakwenda nao. "Aaa." Tusidanganyane kwa sababu ya msiba, sauti haikuwa nzuri. Ilikwaruza. Ilipanda mahali isipotakiwa. Lakini haikukatika. Ilikwenda mpaka mkono ulipofika mwisho wa goti, ndipo akapumua.

Mwalimu akashusha mkono.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akatoka kwenye nafasi yake mbele ya kwaya, akaenda benchini, akamkumbatia mtoto wa dada yake. Hakusema pole. Wanakwaya nao wakavunja mstari mmoja mmoja, muuza nyama akiwa wa kwanza, na pale uani watu wakashikana, wengine hata hawajuani majina. Majoho yote yakakunjamana. Binti alituambia ilimchukua muda mrefu kuyanyoosha, na alipoyanyoosha alilia tena, safari hii akiwa na nafuu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote hapa studio, tunatoa pole kwa binti wa marehemu. Pole kwa Mwalimu, mdogo wake. Pole kwa wanakwaya, kwa wateja ambao kola zao hazitakuwa kama zamani, na kwa kila aliyewahi kulowesha bega la mama yule. Mungu ampumzishe.

Na ninyi mnaonisikiliza, hasa wenye msiba mpya nyumbani, nina ombi. Marehemu wenu alikuwa na kosa lake. Kila mtu analo. Labda alilitamka neno vibaya. Labda aliimba nje ya mapigo, au alisimulia hadithi ile ile na kila mara akaiharibu mwishoni. Mlimrekebisha miaka nenda miaka rudi. Leo jioni, mkikaa pamoja, hebu lifanyeni hilo kosa. Lifanyeni kwa sauti. Mkicheka, chekeni. Mkilia, mko kwenu.

Kwaya imerudi kwenye mazoezi. Binti amehamia kwenye mstari, karibu na dirisha, na kuku wa jirani wamezoea. Juzi alikuja mwanakwaya mgeni, mama mmoja aliyehamia mtaani karibuni. Akasimama kati ya mashati, akaimba nao mara moja, akaonekana amechanganyikiwa. Akanyoosha kidole kwenye ile karatasi ya ukutani, ile ya herufi kubwa kama za bango la duka.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Pale pameandikwa tutakukumbuka. Mbona nyote mnaimba tutakukumbatia?"

Mwalimu akavaa miwani yake. Akaisogelea karatasi, akaisoma neno kwa neno, kana kwamba hajawahi kuiona.

"Karatasi imekosea," akasema. "Haya. Tena."